Programu Mpya na Barua za Msusi

Bosi wa ofisi yetu hapa Kampala, tunakowapokelea na kuwasomea barua watu wasio na kompyuta, alibadilisha programu ya barua pepe kwa sababu ya mpira. Simsingizii. Ile ya zamani ilipiga simu kwenye mtandao asubuhi na jioni, ikavuta barua, ikakata laini, nasi tukazisoma bila haraka. Ila haikujua kuleta yale makundi ya majadiliano ambamo watu wa dunia nzima hubishana juu ya mechi. Mpya ilijua. Akaiweka Jumamosi, akahamishia humo barua zote za zamani, na Jumatatu mimi ndiye niliyekaa mbele yake, mwanangu mgongoni, nikitafuta barua isiyoonekana.

Barua yenyewe ilikuwa ya msusi wa Namuwongo, Mkongo, aliyepotezana na binti yake walipokimbia vita. Dada yake msusi, aliyekuwa Nairobi, alimpata yule mtoto kanisani, akamwandikia kupitia kwetu, akaahidi kuandika tena siku atakayompandisha basi. Msusi hakuwa na simu. Alikuwa na sisi.

"Dada, ya kwangu haiko?"

"Haiko, mama."

"Haijaandikwa, ao haijafika?"

Nikapekua tena orodha nzima. Nikamgeukia bosi.

"Nyabo, bibie, programu ni mpya kabisa," akasema. "Kama hakuna, hakuna. Huyo dada yake amesahau."

"Mtu apate mtoto wa dada yake aliyepotea, halafu asahau?"

"Mimi nasema tu."

"Basi usiseme."

Jumanne msusi akarudi, akaondoka mikono mitupu. Nilikasirika hata maziwa yakanikauka. Jumatano nikaanza kuangalia nani anapata na nani hapati. Mchuuzi mmoja wa Bwaise, mteja mgeni, alipata yake bila shida. Waliokosa wote walikuwa wateja wa zamani. Na pale chini ya kioo cha kompyuta programu ilidai imevuta barua nyingi kuliko nilizoziona. Kwa hiyo zilikuwamo. Zimefichwa.

Wateja wetu wote walitumia anwani moja, ya ofisi. Ndiyo maana tuliwafundisha jamaa zao kuandika kwenye mstari wa kichwa cha barua jina la mpelekewa tu, kila mara vilevile. Programu mpya ikiona kichwa kilekile ilidhani ni mazungumzo yaleyale, na mazungumzo yaliyokwisha kusomwa iliyafunika. Kwa wabishi wa mpira, sawa. Kwa msusi, kila barua ya dada yake ilihesabiwa imesomwa kabla haijaandikwa.

Niliingia kwenye mipangilio, nikaondoa alama moja ndogo, ile iliyoruhusu kufunika mazungumzo. Barua zikamwagika.

Ya msusi ilikuwa fupi. Mtoto amekabidhiwa kwa kondakta, amevaa sweta jekundu, atafika Kampala Jumatano asubuhi.

Msusi alikuwa amerudi, yuko nje kwenye benchi. Nilipomsomea, hakuinuka.

"Jumatano ni leo?"

"Ni leo. Simama, mama."

Jua lilikuwa limepanda. Bosi akatoka mbio nyuma yetu. "Nani atabaki na wateja?"

"Wewe. Waeleze habari za mpira."

Kwenye kituo cha mabasi ya Nairobi tulimwona yule mtoto amekaa juu ya magunia, kikombe cha chai mkononi, na kondakta kasimama kando yake kama askari. Akatupokea kwa ukali.

"Nyinyi ni akina mama gani? Mtoto anangoja tangu alfajiri kama mzigo usio na mwenyewe! Mimi nilitakiwa niwe nimelala saa hizi!"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaweka tangu Jumatatu, yote yakitafuta mtu. Nikakaza mbeleko, nikafungua mdomo.

Lakini msusi alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakumkumbatia mtoto kwanza. Alimshika kichwa, akapitisha vidole kwenye mistari ya nywele, polepole, kama anayehakikisha.

"Nani alikusuka vibaya hivi?"

Mtoto akaweka kikombe chini.

"Mama mdogo. Alisema wewe utafumua."

Kondakta akageuka, akajifanya anapanga magunia. Nami nikamsaidia.