Nilipigia Debe Basi la Shule, Sasa Binti Yangu Yuko Nyumbani

Admin, naomba ufiche kila kitu, maana hapa mtaani Manyatta nikikohoa tu watu wanajua ni mimi. Nina miaka arobaini na saba, nina mke na binti mmoja, Achieng, ambaye yuko gredi ya tisa. Marehemu baba aliniachia ploti yenye vyumba sita vya kupangisha, na hivyo ndivyo vinavyonilisha. Shuleni kwa Achieng mimi ni mwakilishi wa wazazi. Nina ugonjwa mmoja: siwezi kukaa kwenye mkutano nikanyamaza.

Mwaka jana mwalimu mkuu aliita wazazi akatuambia shule inahitaji basi. Eti shule jirani wanalo, na watoto wetu wanaitwa watembea kwa miguu. Kila mzazi angetoa mchango kila muhula, hii ni shule ambayo serikali inatuambia masomo ni ya bure. Watu wakainamisha vichwa. Ni Mama Vivian peke yake aliyesimama. Anauza dagaa wa omena na nyanya, alikuwa mpangaji wangu, na Vivian wake alikuwa anakaa dawati moja na Achieng wangu.

"Mwalimu, watoto wetu wanatoka hapa tu nyuma ya posho mill," alisema. "Hiyo basi itawabeba kutoka wapi ipeleke wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikaona shule yetu inaaibishwa, nikasimama nikarekebisha koti. "Mama, kama Manyatta imekushinda, peleka mtoto kijijini kwa nyanya yake Kombewa. Sisi wengine tunataka maendeleo." Nilipigiwa makofi ndugu zangu, makofi ya kweli! Mwenyekiti wa shule akauliza nani anaunga mkono, nikanyoosha mkono wa kwanza, na mikono mingine ikafuata. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani kama mheshimiwa.

Basi likaja, likaombewa, likapigwa picha. Tangu siku hiyo sijaona mtoto akipelekwa shuleni nalo. Kila Ijumaa linakodishwa kwenda matanga, limejaa waombolezaji na viti vya plastiki juu. Pesa za kukodisha zinaenda wapi sijui, ninachojua ni kwamba muhula uliofuata mchango uliongezwa, tukaambiwa ni wa mafuta na dereva.

Nikiwa bado nakuna kichwa, kaunti nayo ikanipandishia kodi ya ardhi ya ploti. Nilikasirika nusura nichane ile karatasi. Barabara ya kwetu mvua ikinyesha unavua viatu, taka hazibebwi, lakini kodi inapanda. Nilienda ofisini kwao nikazungushwa dirisha hadi dirisha, nikarudi mikono mitupu. Basi nikafanya kile wenye nyumba wote hufanya, nikawapandishia wapangaji.

Mama Vivian hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alinitazama tu akasema, "Baba Achieng, shuleni ni mkono wako, hapa nyumbani pia ni mkono wako. Sasa mimi nikimbilie wapi?" Wiki iliyofuata alifunga vyombo vyake, akahamia chumba kidogo cha mabati mtaa wa Nyalenda, na Vivian akampeleka kwa nyanya yake. Ndiyo, Kombewa. Vile nilivyomwambia mbele ya watu, ndivyo alivyofanya.

Achieng akaacha kula meza moja na mimi. Siku ya nne nikamwuliza ana shida gani. "Baba, si wewe ndio ulisema aende Kombewa?" Nikachukua koti nikatoka nje, mimi mwenye mdomo.

Chumba cha Mama Vivian kiko tupu mpaka leo, kwa sababu kwa bei yangu mpya hakuna anayekitaka. Nimebana hapa na pale nikalipa kaunti, na mchango wa shule ukanishinda. Juzi Achieng alirudishwa nyumbani. Mtoto wa mwakilishi wa wazazi! Alikuwa amekaa mlangoni na kitabu cha hisabati wakati lile basi lilipopita likielekea matanga, likampigia honi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilijifungia chooni nikalia, sioni haya kusema.

Sasa sikieni kilichonileta hapa. Jana mwenyekiti wa shule alikuja kwangu, akakataa chai, akaongea kwa sauti ya chini. Jumamosi kuna mkutano, wanataka kujenga ghorofa ya madarasa, na mchango utakuwa mkubwa kuliko ule wa basi. "Jaduong', mzee wangu, watu wanakusikia wewe," aliniambia. "Wewe simama tu, uunge mkono. Hiyo deni ya msichana tutaisahau, Jumatatu arudi class."

Mke wangu anasema nikubali, mtihani uko karibu na Achieng ni mmoja tu, hayo ya wengine wayabebe wenyewe. Na hana makosa. Lakini wapangaji wangu watatu wana watoto kwenye shule hiyo. Nikiwaangalia wakichota maji asubuhi, najua kabisa ghorofa hiyo itawahamisha kama Mama Vivian. Nikipinga, najua Achieng atakaa mlangoni mpaka siku ya mtihani. Nimechoka na shule, nimechoka na kaunti, na zaidi ya yote nimechoka na mimi mwenyewe.

Leo asubuhi Achieng ameniuliza, "Baba, Jumamosi utasema nini?" Nikamwambia aende akasome.

Mama Vivian, kama unasoma hapa, nisamehe, nilikukosea mbele ya watu. Na nyinyi wengine nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnisaidie. Jumamosi mwenyekiti atauliza nani anaunga mkono, na macho yote yatanigeukia. Mkono huu niunyooshe, au niukalie?