Kikombe cha Kijani Chenye Uzi Mwekundu

Kosa langu nalitaja mwenyewe mapema, wasije wengine wakanitangulia. Mke wangu alipoambiwa ana virusi vya homa ya ini B, mimi nilikwenda dukani nikamnunulia kikombe.

Kikombe cha plastiki, cha kijani, chenye mkono. Kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, nilifunga uzi mwekundu kwenye ule mkono, uzi wa kutarizia nembo za shule, ili hata umeme ukikatika mtu asikosee. Nikaongeza sahani, kijiko na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi. Nikavipanga kwenye kona yake kabatini, nikarudi nyuma kidogo kuvitazama, nikajiona mwanamume anayelinda nyumba yake. Usiku ulipofika tukalala kitanda kilekile, chini ya chandarua kilekile, kama watu waliooana.

Nakaa Njoro, na nikisema nakaa namaanisha nakaa. Cherehani yangu iko barazani, wateja wananifuata, na mjini nakwenda nikiishiwa vifungo. Mke wangu ndiye mwenye miguu. Anauza mitumba: leo Kiboriloni, kesho Himo, keshokutwa sijui wapi. Akirudi ananikuta pale aliponiacha, na huwa ananigusa shingoni aone kama bado nina uhai.

Siku hiyo hakunigusa. Shangazi yake alikuwa anafanyiwa upasuaji, naye akachangia damu, kisha hospitali wakamwita tena. Alirudi akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Damu yangu wameikataa."

"Kwa nini?"

"Wamekuta virusi vya homa ya ini. B. Nesi kasema na wewe uende ukapime, kwa sababu inaambukizwa kwa..."

"Homa ya ini naijua," nikamkatisha. "Tulisoma."

Tulisoma kweli. Mwalimu wa baiolojia aliziandika ubaoni aina zote, kila moja na njia yake. Mimi nikakumbuka moja tu, ile ya maji machafu na chakula kilichoguswa na mikono isiyonawa. Nyingine zote nilizipanga kichwani kwenye chumba hichohicho, nikafunga mlango, nikapewa cheti cha kidato cha nne. Ndiyo maana kikombe.

Mke wangu aliutazama ule uzi mwekundu kwenye kikombe. Alikunywa chai yake humo. Alikunywa humo siku iliyofuata pia, na mimi nikahesabu kwamba ameridhika.

Kumbe nilikuwa na jambo jingine, na hilo halikuwa la kabatini. Nikiwa nashona, mguu kwenye pedali, swali linazunguka na gurudumu: ameitoa wapi? Mimi sitoki. Kuku wa jirani wanatoka kuliko mimi. Yeye anapanda magari, anajuana na wenye mabanda, anacheka na madalali. Nilimwona akikunja shati na nikajiuliza ni la nani, wakati hiyo ni kazi yake, mashati ya watu asiowajua. Akasimama mbele yangu.

"Uliza unachotaka kuuliza."

"Nilikuwa nauliza kama umeona ile rili ya uzi mweusi."

"Iko mkononi mwako."

Ilikuwa mkononi mwangu.

Kupima sikwenda. Nilisema sare za shule zimenibana, nikimaliza hizi. Zikija nyingine, nikimaliza hizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa akiwa na cherehani hakosi kazi.

Ndipo ikafika sherehe ya kipaimara ya mtoto wa kaka yangu, huko Machame kwa mama yangu. Huko sikuwa na pa kujificha. Baada ya ibada tulikaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, ng'ombe wanatafuna zizini nyuma yetu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikatolewa. Kwetu mbege hainywewi kila mtu na chombo chake. Kata ni moja, kibuyu cha wote. Mwenyeji anaonja kwanza mbele ya macho ya watu, ili ijulikane hakuna kitu humo, kisha anampa anayemheshimu, na huyo anampa mwenzake, hivyo hivyo mpaka inamfikia kila aliyekaa. Kukataa kata ni kumwambia aliyekupa kwamba humwamini.

Mama akaonja. Akafuta ukingo kwa kidole gumba, akamgeukia mkwewe kabla ya wanawe wote. "Pokea, mwanangu. Wewe ndiye umenifikishia huyu leo, peke yake asingetoka Njoro."

Watu wakacheka. Mke wangu akapokea kwa mikono miwili, akainua kata.

Nikaishika.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaikamata ile kata kabla haijafika midomoni, povu likamwagika kwenye kitenge chake. "Huyu asinywee humo," nikasema. Kwa sauti, tena.

Kicheko kikakatika. Shemeji zangu walinitazama, kisha wakamtazama yeye, na nikaona kila mmoja akitafuta kichwani mwake jina la ugonjwa. Mama hakuniangalia mimi kabisa.

"Kwa nini asinywee humo?"

Mke wangu akaachia kata, ikabaki mkononi mwangu.

"Nimeambiwa hospitali nisiguse pombe, mama," akasema polepole. "Mwanao amenikumbusha. Ila yeye akikumbusha, anakumbusha kama anafukuza ng'ombe."

Kicheko kikarudi, kidogo, cha adabu. Mama akaenda ndani kumletea maziwa. Na mimi nikabaki nimeishika kata ya watu wote kama mwizi aliyekamatwa na kitu mkononi.

Tulipokuwa tunashuka kijia cha kwenda barabarani alitangulia, na hakugeuka aliposema. "Kesho unapima. Usipopima, mimi narudi hapa kwa mama yako, na nikiulizwa kwa nini, nitasema."

Nilijua atasema. Nilijua pia mama atampa chumba, mimi atanipa jembe.

Kesho yake tulikuwa hospitali asubuhi. Nesi alikuwa dada mmoja mchangamfu wa sura, si wa maneno. Akanitoboa kidole, akaweka tone kwenye kipimo, akasema majibu hayachukui muda, tusubiri hapo hapo.

"Mnaishije nyumbani na hali hii, baba?"

Nikaona hapa ndipo pangu. Nikamweleza kikombe. Nikamweleza sahani, kijiko, bakuli, na uzi mwekundu, maana huo nilijivunia.

"Vyombo havina shida," akasema. "Mnaweza kula sahani moja. Mswaki je?"

"Kila mtu na wake."

"Wembe?"

"Ninao wa kufumulia mishono."

"Huo tu?"

"Na wa kucha."

"Kucha za nani?"

Mke wangu akajibu. "Zangu na zake. Ni wembe huohuo. Anajikata nao kila wiki, kisha anaufuta kwenye suruali."

"Na kondomu mnatumia?"

Nikatazama bango ukutani, lilikuwa la kunawa mikono.

"Baba, virusi hivi vinakaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Vinapita kwenye tendo la ndoa, kwenye damu ya wembe, na mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Hili la kikombe nani alikuambia?"

"Tulisoma," nikasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Ndipo nikalitoa lile swali. Niliona hospitali ni mahali pa serikali, labda hapa halitaniuma. "Sasa sista, hivi virusi mtu wa nyumbani kabisa, asiyetembea, vinaweza kutoka..." Sikulimaliza.

Nesi alitutazama wote wawili. "Watu wengi wanavipata utotoni, wanakaa navyo miaka bila dalili. Kipimo hakisemi vilitoka kwa nani. Hata hiki chako kikionyesha unavyo, hatutajua nani alimpa nani. Inaweza kuwa ni wewe uliyempa mama huyu hapa."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nawaambia ukweli, katika wiki zote zile za kuzungusha gurudumu, halikupita hata mara moja. Nikakitazama kile kipimo juu ya meza, kimelala na tone langu la damu, na nikaona kama mstari wa pili, wa kusema ninavyo, unajichora. Kama ninavyo, basi kila nilichomdhania mke wangu mwezi mzima, kila shati, kila dalali, kingenigeukia mimi. Na mimi ningejibu nini? Kwamba sitoki? Kuna nani wa kuamini mtu anayejibu hivyo? Mke wangu hakunitazama. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake, palipobaki doa la mbege.

Nesi akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga.

"Huna."

Nilishusha pumzi mpaka kiti kikalia.

"Ila usifurahi sana," akaendelea. "Huna virusi, na hatujui kama una kinga, kwa hiyo unaanza chanjo leo. Sindano tatu, zinapishana kwa miezi. Mpaka zikamilike na tupime kinga yako, mnatumia kondomu. Wembe kila mtu na wake. Mama ataendelea kuja kuangaliwa ini, na pombe asiguse kweli."

Mke wangu akanitazama mara ya kwanza siku hiyo. Ule uongo alioniokoa nao Machame ulikuwa kweli tupu.

Njiani, nikiwa na bega linalouma na mfuko wa kaki wa kondomu nilioubana kwapani kama mtu aliyeiba, nikamwambia, "Nilikuwa na swali moja."

"Nalijua. Lilikuwa linashona mpaka usingizini."

"Limekwisha."

"Halijaisha. Ulipotazama kile kipimo lilikuwa lako wewe. Limelala tu." Akanyoosha mkono, akanigusa shingoni, na hakuuondoa haraka. Lakini hakucheka.

Sindano nilizimaliza zote, na kinga nikaipata. Wembe wangu sasa unakaa kwenye kopo la vifungo na hauendi popote. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ya wiki ile nilikuwa barazani nakata uzi mwekundu kwenye kikombe, nikirudishe na vingine, na mke wangu ananitazama kutoka mlangoni, uso bado wa Machame. Mama jirani anayetuuzia maziwa akaja na galoni lake. Alikuwa ameshayasikia yote, uzio wetu ni wa michongoma, hauzuii kitu. Nikampa shikamoo. Hakuiitikia. Alisema maneno haya, na ndiyo yaliyomfanya mke wangu ashike mwimo wa mlango kwa kicheko:

"Fundi, mchana unamwogopa mkeo kwenye kikombe, usiku unamfuata kitandani! Hicho kikombe baki nacho wewe, mgonjwa wa nyumba hii ni wewe."