Kidole cha Bi Biubwa

Nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na kazi yangu kubwa imekuwa kunyamaza. Naita majina, napokea majalada, nasimama hakimu akiingia. Nimebakisha miaka miwili nistaafu. Magoti yenyewe yameshastaafu zamani. Kwa hiyo sikuwa natafuta makubwa siku ile Bi Biubwa alipokuja kufungua kesi ya tovuti.

Hapa Bagamoyo hakuna asiyemjua. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka tisa. Akasoma kwa nukta nundu, akawa opereta wa simu katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka ishirini na miwili, na mpaka leo ukimwamkia anakutaja jina kabla hujamaliza shikamoo. Hoteli ilipong'oa mtambo wake wa simu, maana kila mgeni ana simu yake mfukoni, alirudi nyumbani, akaweka meza kwenye soko la zamani akauza viungo. Iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga. Bizari iliyotiwa unga huwezi kumuuzia. Ananusa mara moja, anakurudishia kifuko chako, na hakusemi kwa watu.

Kisha soko la zamani likavunjwa. Kampuni iliyokabidhiwa soko jipya ikatangaza kwamba vizimba vinaombwa kwenye tovuti tu, ndani ya siku ishirini na moja. Hakuna karatasi, hakuna dirisha la kwenda kuuliza. Wenyewe waliita maendeleo.

Bi Biubwa hakuogopa, kwa sababu ana simu inayomsomea. Anapitisha kidole juu ya kioo, na simu inataja kila kinachoguswa. Anajua bei ya karafuu kabla yangu mimi mwenye macho mawili. Alijaza fomu peke yake, jina, kitambulisho, aina ya biashara, mpaka akafika mwisho, kwenye ramani ya vizimba mia na ishirini. Vyekundu vimeshachukuliwa, vya kijani viko wazi. Lakini aliyeitengeneza hakuvipa majina, basi simu yake ilisema kitu kimoja tu kila alipogusa: "Kitufe. Hakina jina." Na akibonyeza chekundu, fomu yote inafutika, anaanza upya. Alianza upya siku tisa, mpaka maombi yakafungwa. Tangu hapo anauza barazani kwake, kwa majirani, na ukiingia ndani unakuta magunia yamefika dari. Alichotaka mahakamani ni hicho tu, aruhusiwe kuomba kizimba kama wenzake.

Wakili wa kampuni, Abdillah, kijana wa mjini hapahapa, alimuuliza kwa upole, "Mama, kwa nini hukumwomba jirani akusaidie?"

"Jirani yangu naye anauza viungo," akajibu. "Na yeye alikuwa anaomba."

Watu wakacheka. Hakimu wetu, Mheshimiwa Hafidha, hakucheka. Akasema hajawahi kuona simu ya namna hiyo ikifanya kazi, na hawezi kuamua jambo asilolijua. Kampuni ikafungua ukurasa wa majaribio unaofanana na ule wa kweli. Mimi nikaambiwa niunge simu ya Bi Biubwa kwenye spika, nisimame karibu nishike waya.

Simu ikaanza kusema. Ilikwenda mbio kama redio inayotafuta stesheni, hata Abdillah akasimama kuuliza hiyo ni lugha gani.

"Kiswahili," Bi Biubwa akasema. "Ninyi ndio mnaosikia polepole."

Akaipunguza. Mahakama nzima ikamsikiliza akijaza fomu kwa kidole kimoja, na nakiri nilijisikia fahari kama dada yangu ndiye anayejaza. Akafika kwenye ramani. Kitufe, hakina jina. Kitufe, hakina jina. Kidole kinakwenda kulia, kinarudi, kinashuka. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Watu wakaanza kujikohoza.

Sasa mimi nimelelewa pwani hii. Mkubwa hakwami mbele yako ukamtazama. Akishuka ngazi unamshika, akitafuta kiatu unamwekea mguuni, na huulizi, maana kuuliza nako ni kumvunjia heshima. Bi Biubwa mwenyewe nimemshika kiwiko kwenye ngazi za mahakama tangu kesi ianze. Hakimu alikuwa ameinama anaandika, na mgongo wangu uliwakinga wengine wasione. Kitufe cha kijani kilikuwa pale, upana wa punje tu kutoka kwenye ukucha wake. Nikakigusa kidole chake, nikakisogeza, kikabonyeza.

"Ombi lako limepokelewa," simu ikasema.

Abdillah akasimama. "Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mdai amefanikiwa."

Ikaingia. Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Bi Biubwa hakusema neno.

Nikamfuata nje. "Dada, mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, Mwinyijuma? Ningesema karani amenishika, wewe ungepoteza kazi, na wao wangesema si huyo, msaada anao." Akakunja fimbo yake. "Kila siku unanishika kwenye ngazi. Ngazi zile ni kumi na moja, nimezihesabu siku ya kwanza. Sikukwambia, niliona unapenda kunishika. Leo umenishika mahali nilipokuja kuonyesha kwamba nimekwama."

Nilirudi nyumbani nikala bila kujua nimekula nini. Siku nne nilibeba jambo lile. Nilijiambia nimebakisha miaka miwili, nikajiambia wanawake wangapi wameshindwa kesi mbele yangu na sikusema, ni kweli, na ukweli huo ndio ulionichosha zaidi. Siku ya tano nikabisha hodi ofisini kwa hakimu nikamweleza.

Akaweka kalamu mezani. Ana umri wa binti yangu wa pili. "Mzee wangu, unajua ulichokifanya?"

"Najua, Mheshimiwa. Nilimsaidia."

Akaandika. Barua ya onyo ilikuja baadaye na imo kwenye jalada langu hadi leo. Siilalamikii.

Jaribio likarudiwa, mawakili wote wakiwa wameelezwa sababu. Safari hii hakimu alitangaza kwamba hakuna atakayesogea wala kufungua mdomo, hata ikichukua mchana kutwa. Mimi nikakaa nimekalia mikono. Bi Biubwa akajaza fomu, akafika kwenye ramani, na tukaanza kusikia. Kitufe. Hakina jina. Akabonyeza kimoja, kumbe chekundu, fomu ikafutika. Akaanza jina lake tena, herufi baada ya herufi. Mara ya pili vilevile. Dakika ya kumi na tano mama mmoja nyuma alikuwa analia kimyakimya. Dakika ya ishirini, kidole cha Bi Biubwa kikatua pembeni kabisa ya kitufe cha kijani, kikasita, na sauti ikatoka.

"Kushoto kidogo, mama."

Alikuwa Abdillah. Wakili wa kampuni, ameshanyanyuka nusu kwenye kiti, mkono umenyooka. Aliposikia sauti yake mwenyewe akabaki hivyohivyo, hakai wala hasimami. Naye kalelewa hapahapa.

"Kaa, wakili," hakimu akasema. Akaandika na hilo.

Bi Biubwa hakwenda kushoto. Aliacha kidole palepale mpaka simu ikasema, "Muda wako umekwisha. Tafadhali anza upya."

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Kampuni iandike jina la kila kizimba ili simu zinazosoma ziweze kulitaja, na ikishamaliza, imfungulie mdai maombi kwa siku kumi na nne. Vizimba vilivyobaki vilikuwa vitano, vyote upande wa wachinja kuku, ambako hakuna pua itakayosikia iliki.

Nilimkuta kwenye korido amekaa peke yake, fimbo mapajani.

"Hongera, dada. Umeshinda."

"Nimeshinda nini, mdogo wangu? Nimeshinda kujaza fomu." Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Mwaka mzima. Na kuku wale."

Akainuka, tukaenda pamoja mpaka juu ya ngazi. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kama kawaida yake. Nikaurudisha. Nikauliza, na naona haya kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Dada, nikushike?"

Akaigusa ngazi ya kwanza kwa fimbo. Ngazi kumi na moja, anazijua kuliko mimi.

"Leo nishike," akasema. "Leo nimechoka."