Mkono wa Mama Mkwe

Mama yangu Adrienne hapendi kitu kibaki. Bukari, ugali wetu, ikibaki kwenye sahani yako, utaimaliza, umeshiba usishibe. Vitoyo, samaki wa chumvi wanaotoka ziwa Tshangalele, huviuza hapa mtaani Panda mpaka vile vilivyovunjika mikia, na ole wake mteja anayechambua sana. Huyo ndiye mama yangu. Nampenda, lakini ni kichwa ngumu, na hilo nitamwambia hata mbele ya pasta.

Moyo wake ulikuwa na tabia ya kukimbia ovyo. Daktari akampa kinini, vidonge vya kuutuliza, moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Mume wangu Ruffin ni nesi, akanieleza na mimi nikamweleza mama. Nilikuwa mkalimani wao. Sisi ni watu wa Kasai, na kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, seuze kumgusa. Tunakaa lupango moja, yaani kiwanja kimoja, lakini mama akiwa uani Ruffin huzunguka nyuma ya nyumba. Amejua mgongo wa mama yangu kuliko uso wake.

Kanisani wakatangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula, bila maji. Mama akafunga, na kinini akaziacha. Hakumwambia mtu. Mfungo ulipokwisha, alikula vizuri, akaenda kulala kidogo mchana. Nilipomwamsha, macho yalifunguka nusu. Ngozi ilikuwa baridi, ina jasho.

Nikapiga kelele, Ruffin akaja mbio, akasimama nyuma ya pazia la mlango. Pale pale, kama mti.

"Mushike mukono," akasema. "Mapigo iko namna gani?"

Nikabana kifundo cha mkono wa mama kwa kidole gumba. "Inakimbia! Inakimbia sana!"

"Basi ni ule ugonjwa wake. Mupatie kinini yake moja."

Nikafungua mkoba wa mama. Nikatoa pakiti, nikaigeuza, hakuna kitu. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe kabla ya mfungo, imejaa.

"Mama, kinini iko wapi?"

Midomo ikasogea taratibu. "Nimezilipa. Zile za mufungo. Nimekunywa zote."

Nikarudia maneno hayo kwa sauti, na kabla sijamaliza pazia likavutwa. Ruffin aliingia. Mama alimwona, akajaribu kujifunika uso kwa kitenge.

"Mama, unisamehe," akasema, akashika mkono wake. Akahesabu. Kisha akanitazama mimi. "Ulikuwa unasikia mapigo ya kidole chako weye. Ya mama iko pole pole kabisa, moja moja."

Nilikuwa karibu kumwongezea nyingine. Ruffin alimbeba mama mkwe wake mikononi, akavuka uani mbele ya majirani wote, akamwingiza kwenye gari la Baba Lukumani, dereva jirani yetu. Mimi nyuma nalia.

Hospitalini walimwekea maji ya mshipani, na dawa, na kalsiamu. Nikamkasirikia daktari. Mama yangu anakufa kwa ugonjwa wa moyo, yeye analeta dawa ya mifupa! Daktari hakukasirika. Alisema kalsiamu hupenya kwenye moyo kwa vilango vidogo, na kila ikipenya moyo unapata nguvu ya kupiga. Kinini za mama kazi yake ni kufunga sehemu ya vilango hivyo, ili moyo usikimbie. Akinywa moja, moyo unatulia. Amekunywa nyingi pamoja, karibu vyote vimefungwa. "Sasa tunaleta kalsiamu nyingi, ipite kwa vile vilivyobaki," akasema. "Tutamwangalia kwa mashine. Kinini ya jana hailipwi leo, mama. Iliyopita imepita."

Tulikaa tukitazama mashine. Taratibu, moyo wa mama ukaanza kukaza mwendo.

Alipopata sauti, mjomba Casimir alikuwa amefika, na habari ya Ruffin kumbeba mama alikuwa ameisikia njiani. Akasimama kando ya kitanda na fimbo yake.

"Heshima si utumwa," akasema. "Ruffin ameshika mama mukwe wake. Alete mbuzi ya faini, jambo liishe."

Ruffin alikuwa nje kwenye korido, uso ukutani. Aliposikia, akainamisha kichwa. Nilitaka kumjibu mjomba maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Mama akanitangulia. "Lisilo budi hutendwa, Casimir. Mbuzi nitatoa minye mwenyewe, maana ni minye nilimulazimisha kuingia." Akapumzika kidogo. Kisha akatoa mkono nje ya shuka, akaugeuza, kiganja juu. "Cathy, uite bwana yako. Aache kusimama kule. Aje ahesabu tena."

Ruffin akaingia, macho sakafuni. Akaweka vidole viwili pale pale.

"Iko namna gani, mwanangu?" mama akamuuliza, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Iko muzuri, mama," akajibu, na mkono hakuuachilia haraka.