Tulikuwa Kwenye Dikte

Asubuhi jirani zetu walipokuwa wakivunja vitanda vyao wavifunge na kwenda kungoja treni ku gare, mimi nilimtuma binti yangu akawaombe wapunguze kelele za nyundo. Tulikuwa kwenye dikte, mimi nikisoma, watoto wakiandika. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya paka anayelala dirishani, na kila nilipotamka neno nyundo ilinijibu.

"Uwaambie kwa heshima," nilimwagiza, maana mimi ni mtu wa adabu.

Akaenda, akarudi. "Mama wa kule anasema sawa."

Nyundo ikanyamaza. Nikaendelea na paka wangu, nikifurahi kwamba nina majirani wanaojua thamani ya elimu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba misumari iliyobaki waliing'oa kwa koleo, polepole, ili watoto wangu waandike vizuri.

Niieleze hiyo shule. Walimu walikuwa hawalipwi, na wengi wao walikuwa watu wa mkoa wa Kasai ambao hawakuthubutu tena kupita barabarani. Shule ikafungwa, nami nikafungua yangu kwenye baraza. Ujuzi wangu ulikuwa sekondari niliyoiacha kabla ya mtihani wa mwisho, pamoja na sanduku la mabuku ambayo kwa ajili yake mboga ya sombe ilikuwa ikiungua kwangu kuliko kuiva. Baba ya batoto alisema hatimaye nimepata kazi isiyonitoa nyumbani. Alinijua. Nikifika sokoni tu, narudi nimechoka kama niliyetoka Lubudi kwa miguu.

Msichana wa jirani alikuwa mwanafunzi wangu pia, na ndiye aliyesoma vizuri kuliko wangu, jambo ambalo sikulipenda sana. Baba yake alikuwa fundi wa mgodi, mzaliwa wa hapahapa Kolwezi. Ila babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na hilo lilitosha. Wiki ile msichana hakuja. Niliwaambia wanangu, bila haya, kwamba wapo watoto wasiopenda kusoma.

Je, sikujua? Nilijua. Jioni vijana walipita wakiimba kwamba hao watu warudi kwao, nami nilifunga dirisha nikafungua kitabu. Nilijua kwamba watu wa Kasai wanafukuzwa. Kwamba ni pamoja na mama wa huyu msichana, wa upande wa pili wa ua, anayenisuka nywele huku akinicheka kwa kukosa kutulia, hilo sikulifikisha kichwani.

Mchana binti yangu aliingia jikoni. "Mama, banabeba mpaka mulango. Batafunga nyumba na nini?"

Nikatoka. Nyumba ya jirani ilikuwa tupu, na waliobeba mlango walikuwa watu nisiowajua.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu: yule mama asipande treni huku neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu likiwa lile la nyundo.

"Usiende," alisema baba ya batoto. "Ku gare bale vijana banaangalia nani anasalimia nani."

Nikamtii haraka, kwa raha ya mwoga aliyepewa ruhusa. Siku zikapita, treni haikuja. Nilishika kitabu na kusoma ukurasa uleule, nikawafokea watoto kwa makosa yaliyokuwa ya kwangu. Mwishowe, asubuhi moja mume wangu alipokwenda kazini, nikajifunga kitenge nikaenda.

Na niliwabebea nini watu wanaolala nje? Kitabu. Kile cha hadithi ambacho msichana alikuwa amefika katikati. Njiani nilitunga na hotuba, Kifaransa kidogo mbele, Kiswahili nyuma.

Gare ilikuwa imejaa familia. Shuka zilifungwa juu ya magodoro yaliyosimamishwa, zikawa nyumba. Nilimkuta yule mama ameketi juu ya vile vitanda, vimefungwa kamba, na msichana amelala mapajani mwake, midomo imekauka kwa homa.

"Eh, mama mwalimu," akasema. "Dikte ilikwisha?"

Hotuba yote ikanitoka. Nikaweka kitabu kando yake nikaanza kulia, tena kwa sauti, hadi watu waliokuwa na sababu ya kulia wakageuka kunitazama mimi.

Mama akamfunika msichana miguu. Karibu naye palikuwa na bidoni ya maji, tupu. Ng'ambo ya reli niliiona robine ya bomba ikimwaga maji, na mbele yake vijana waliomrudisha kwa mawe kila aliyetoka upande wetu. Mimi walikuwa wamenipisha nikipita, mmoja hata alinisalimia.

Mama akaisukuma ile bidoni kwa mguu hadi ikanigusa.

"Weye habatakufukuza ku robine," akasema. "Shika bidoni, mama. Machozi utaenda kulilia ku kwako."