Manyoya ya Jogoo Mweupe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nikiishi kwa bibi yangu kijijini Kisorya, sikupenda kitu kuliko kwenda ziwani na mjomba Masatu, mdogo wake mama. Wenzake walivua kwa nyavu, au kwa ndoano zenye chambo. Yeye alivua kwa manyoya. Aliyafunga manyoya ya jogoo mweupe kwenye ndoano kwa uzi, akasimama juu ya mawe, akarusha, kisha akavuta mshipi na kuuachia, akavuta na kuuachia, mpaka manyoya yakaogelea kama samaki mdogo aina ya furu aliyeumia. Sangara waliyavamia kwa hasira.

“Usivute kama unateka maji kisimani,” aliniambia. “Vuta kama umeogopa.”

Nilikuwa nimeanza kuweza. Nilishapata sangara wangu mmoja.

Kwetu ilikuwa mwiko msichana au mwanamke kuruka ufito wa kuvulia. Ilisemwa samaki wangeukataa. Asubuhi moja mjomba alikuwa ameulaza wake uani, nami nikimkimbiza jogoo nikauruka bila kuuona. Bibi aliona.

“Nyangeta! Umemfungia mjomba wako ziwa!”

Mjomba alicheka. “Mama, samaki atajuaje nani kapita huku juu?”

“Cheka tu. Utarudi mikono mitupu.”

Akarudi mikono mitupu. Kesho yake hivyo hivyo, na wiki nzima. Wanawake wauza samaki pale kivukoni wakampokea kwa vicheko: “Masatu, leo tunapika supu ya manyoya?” Jumamosi nilipojiandaa kumfuata, alinizuia mlangoni.

“Baki kwanza, mjomba. Bibi yako halali usingizi.”

Nikabaki. Nilikuwa mtoto msikivu. Sikuuliza hilo “kwanza” litaisha lini. Mwaka uliofuata wazazi wangu walinichukua nikaishi nao Musoma.

Leo ninafundisha watoto hapa Musoma, na ni ukubwani tu nilipokumbuka kwamba wiki ile mvua zilikuwa zimeanza. Mito ilikuwa imemwaga tope, ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Chambo cha nyama samaki hukifuata kwa harufu. Manyoya lazima ayaone. Tuliitazama miguu yangu, hatukuyatazama maji.

Likizo iliyopita nilikwenda Bunda, mjomba anakoishi sasa kwa mwanawe, nikamweleza hayo.

“Nilijua,” akasema. “Maji machafu ningeachaje kuyaona? Lakini yule ni mama yangu. Nikasema apoe kwanza, maji yakisafika utaomba twende. Kila Jumamosi nilikuwaga nakuangalia. Hukuomba.”

“Nilidhani unaniona nina mkosi.”

“Na mimi nikadhani ziwa limekuchosha.”

Nikamwambia twende Kisorya kesho yake. Alininyooshea vidole vyake, vimepinda kwa baridi yabisi. Siku hizi hata vifungo vya shati hufungiwa na mkwewe.

Bibi simlaumu; aliwaza mboga ya jioni, na alimpenda mwanawe. Kinachoniuma ni zile Jumamosi zenyewe: mimi jikoni nikichambua dagaa, mjomba uani akifunga manyoya kwenye ndoano polepole kuliko ilivyohitajika, na kila mmoja wetu akingoja mwenzake aseme.