Hodi Kwenye Nyumba Yetu Wenyewe

Jino langu la kwanza kutoka lilianguka ndani ya sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikalitafuna nikidhani ni mufupa wa samaki. Njo namna nilivyoanza maisha, nisiwafiche. Zamani zile, ninyi wa umri wangu munajua, jino la mutoto lilitupwa juu ya nyumba, ukageuka bila kutazama nyuma, ukaomba lingine. Tate wangu, njo mama ya baba (kwetu babu na bibi wote ni tate), akalitoa mudomoni mwangu, akalisuuza, akaniambia nitupe. Nikatupa upande wa bati. Jino likalia ka-ka-ka, likarudi chini. Nikatupa tena, likarudi tena. Tate akasema, "Mutoto huyu, hata jino lake halitaki kuhama." Mwisho nikazunguka nyuma, upande wa ndele, yale majani ya mingazi, njo michikichi, tuliyoezekea, jino likakwama humo. Likaota lingine la kupinda, hili munaloliona nikicheka, na watu wakasema ni kosa la ndele. Wajukuu wangu wakisikia haya wanainama kwenye simu zao kuuliza kama ni kweli. Wanaiuliza simu. Mimi mwenye jino nimekaa palepale mbele yao.

Lakini nilitaka kusema juu ya paa, si juu ya jino. Nyumba yetu ilikuwa nusu bati, nusu ndele, na hakukuwa na nyingine kama yetu karibu na reli. Kartie yenyewe, mutaa wetu, tuliiita Kwa Robine, ndani ya Mikelenge, huko Kindu, pale muji unapochoka kujidai muji lakini bado haujakuwa shamba. Wenye reli walikuwa wamejenga nyumba kwa mistari, vyumba viwili na baraza, bati juu. Halafu watu wakazaa, nyumba hazikuzaa. Kila muntu akaongeza chumba nyuma kwa akili yake, mupaka mistari ile iliyopimwa kwa kamba ikawa kama meno yangu. Mbele walikaa watu wa Kasai na wa Katanga, waliokuja na gari-moshi. Nyuma tulikaa sisi Wangwana, watu wa wali, wenye kanzu ya Ijumaa na kiburi cha kila siku. Katikati ilikuwa robine moja, bomba la maji la watu wote. Robine ile njo ilikuwa redio yetu na tribinali, mahakama yetu, na wasichana wengi walipatia waume pale huku ndoo zinamwagika.

Tulinuka mafuta ya ngazi na grisi ya reli. Tulipanga vizibo vya chupa juu ya chuma cha reli, gari-moshi inapita inavisaga, tunavitoboa, tunapitisha uzi, vinalia vuuu mikononi. Wenzangu vyao vililia. Changu kilinikata kidole. Shule nilifika mwaka wa pili, vita ikanitoa. Watu wananihurumia nikisema hivyo, basi huwa siongezi kwamba vita ilipoisha shule ilifunguliwa, na mimi sikurudi.

Kulikuwa na sheria moja Kwa Robine iliyopita sheria zote, nayo ni hodi. Ukipiga hodi ukaambiwa karibu, ukapewa maji, ukala, basi wewe ni mugeni wa nyumba ile, na uliyekula kwake njo mwenyeji wako. Huwezi kumugombeza wala kumutoa, na yeye hawezi kukuuliza utaenda lini. Baba yangu, mupakiaji wa mizigo pale stasio ya gari-moshi, aliipenda sheria hii kupita sala. Alikuwa anapiga hodi hata chooni kwetu, na mama akiwa ndani alimujibu, "Baba Salumu, huku sikukaribishi." Salumu njo mimi.

Vita ikaja. Nasema ile ya kwanza, ya utoto wetu, si hii ya majuzi. Siku risasi zilipoanza kulia upande wa bandari tulishuka mutoni, tukavuka Lualaba kwa mutumbwi mupaka Alunguli, tukashika njia ya Kailo, kwa ndugu za tate wenye mashamba ya mupunga. Kila muntu alibeba kitu. Mimi niliambiwa nibebe birika. Kule Kailo, tulipofungua mizigo, ikaonekana nimebeba mufuniko tu. Birika lenyewe nimeliacha nyumbani. Mama akasema angalau vumbi halitaingia ndani ya hewa.

Tulikaa kule mupaka mupunga ukavunwa na watu wakasema muji umetulia. Tukarudi. Kwa Robine ilikuwa kimya, majani yameota mupaka kati ya reli, gari hakuna. Tukafika kwenye baraza yetu. Mulango ulikuwa umefungwa, moshi unatoka nyuma. Muntu mwingine angesukuma mulango na kuuliza, wewe nani ndani ya nyumba yangu? Baba alikuwa amechoka, na ulimi wake ulikuwa na mazoea yake. Akasema, "Hodi."

Ndani sauti ikajibu, "Karibu."

Na baba akaingia. Hapo njo tulipopoteza nyumba.

Mwenye sauti alikuwa muntu murefu, muzee kidogo kupita baba, mwenye shati ya watengenezaji wa reli. Jina lake Papa Okenge, wa upande wa Kibombo. Alitukalisha juu ya mukeka wetu, akauliza habari za njia, akatunawisha mikono kwa birika letu, amelifunika kwa jani la mugomba. Mufuniko wake nilikuwa nao mukononi. Nikauficha nyuma ya mugongo, sijui kwa nini. Niliona haya, kama ni mimi niliyemwibia. Yeye Papa Okenge alikuwa Mukristo. Alipoona kofia ya baba akatoka, akarudi na kuku, yule mweusi wa tate aliyebaki wakati tunakimbia, akamupa baba pamoja na kisu, akamuomba achinje kwa mukono wake ili wageni wasipate shaka ya kula. Basi baba akachinja kuku ya mama yake, akasema bismillahi, akamushukuru mwenyeji kwa ukarimu. Tukala. Mimi nilikula paja, na mufupa nikauvunja nikaunyonya. Paja lilipokwisha tulikuwa tumekuwa wageni.

Mama alimungojea baba nyuma ya jiko.

"Umechinja kuku yetu, halafu umemushukuru mwizi."

"Si mwizi, Mama Salumu. Mwizi hasemi karibu."

"Na sisi je, njo nani sasa?"

Baba akaenda kumuomba Papa Okenge ruhusa ya kutengeneza ndele iliyokuwa inavuja.

Tulilala chumba cha nyuma. Ugeni ule, niseme kweli, mimi niliupenda. Mutoto wa nyumba anatumwa maji, mutoto wa mugeni anaambiwa apumuzike. Nilikuwa nakaa barazani kwetu nikisifu baraza. Mama yangu ndiye aliyeumia. Kwenye robine wanawake walimungoja na ndoo zao, wakaulizana wanakaa siku ngapi hawa wageni, wakamuuliza kama kule kwao walikotoka kuna maji mazuri hivi. Mama yake Kalala, jirani yetu wa mbele, akamuambia, "Ukizoea hapa kwetu, mama, utatafutiwa na parseli ya kujenga." Walicheka mupaka maji yakamwagika. Mama hakucheka. Alikuwa na mimba, na ilikuwa kubwa.

Munajua neno la kitovu. Kitovu cha mutoto, kikikauka na kuanguka, kinazikwa ndani ya parseli ya baba yake, na pale kilipozikwa njo kwao. Watu wakigombea udongo, wazee waliuliza kwanza: kitovu chako kiko wapi? Mama akamuambia baba kwamba hatazika kitovu cha mutoto wake ugenini, na kama Papa Okenge hatatoka, yeye atarudi kuzalia Kailo na baba atabaki na mwenyeji wake. Baba akaenda kumwambia. Akarudi baada ya muda amemusaidia kumenya mihogo. Akaenda tena, wakaongea juu ya mvua.

Lakini ile siku ya mihogo alirudi pia na habari. Papa Okenge alipotezana na muke wake pale Kibombo, watu walipotawanyika. Yeye alifuata reli kwa miguu mupaka Kindu. Tangu aingie nyumba yetu, kila muntu aliyepita akirudi upande ule alimupa neno: akimuona muke wake, amwambie atafute nyumba ya karibu na reli, nusu bati, nusu ndele. Ndiyo maana alikaa barazani tangu asubuhi, uso kwa reli. Akihama, muke wake atafika na kukuta watu asiowajua.

Mama aliposikia akasema, "Na mimi nizalie wapi?" Tate, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alichukua ufagio akafagia mahali palipofagiliwa.

Mukipita kule leo hamutapajua. Robine haiko, imebaki jina. Kuna kuta ndefu na vipande vya chupa juu yake, na milango ya chuma. Hata ukipiga hodi, inabaki nje pamoja na wewe. Vita ya majuzi ilipotukimbiza tena, mimi mwenyewe sasa ni baba ya watu, nilirudi nikakuta jirani yangu nyumba yake imechukuliwa. Yeye na aliyeichukua walienda tribinali na makaratasi, wakatukanana mbele ya avoka, mawakili wao, mupaka wote wawili wakazeeka. Wajukuu wangu wamezaliwa hospitali. Nikauliza kitovu kiko wapi, binti yangu akaniambia, "Papa, vitu hivyo wanavitupa." Basi sijui kwao ni wapi. Wao wanasema kwao ni kule simu inaposhika. Wakija kunisalimia wananipigia wakiwa mulangoni, mimi ninawaona kwa dirisha, wananiambia, "Tate, tumefika." Ninajibu karibu kwenye simu. Ninaona haya, lakini ninajibu. Na siku zile tuliona tunateseka. Labda tulikuwa wapumbavu. Lakini katika upumbavu ule hakuna aliyemupiga mwenzake.

Basi. Mama hakuenda Kailo. Mutoto hakumungojea. Alizaliwa asubuhi, msichana, ndani ya chumba cha ndele, na Papa Okenge njo aliyechota maji robine siku nzima, wanaume wakimucheka. Kitovu kilipoanguka tate akakifunga ndani ya jani, akampa baba. Baba akachukua jembe. Akasimama katikati ya parseli aliyoilima yeye mwenyewe. Tukamuona anageuka, anakwenda barazani na jembe lake.

Akasema, "Mwenyeji wangu, naomba nafasi ya kuzika kitovu cha mutoto."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa.

Papa Okenge aliangalia jembe, halafu lile jani, halafu reli, mbali, kule inakokunja.

"Baba Salumu," akasema, "muntu haombi nafasi ya kitovu kwa mugeni."

Baba akainamisha kichwa. "Na muke wako akikuja?"

"Mumuambie karibu."

Akasimama, akakung'uta suruali, akaingia ndani, akatoka na nyundo yake ya reli begani. Hakukuwa na kitu kingine chake mule. Mama akatoka mbio jikoni, yeye ambaye hakuwahi kumusemesha vizuri, ameshika sahani ya wali na samaki, akamuambia Papa Okenge ale kwanza.

"Nikila nitakuwa mugeni wenu, mama," akasema. "Na mugeni hatoki upesi."

Akamugusa mutoto kwenye paji la uso, akashuka baraza. Akapita robine, wanawake wakamupisha. Akapanda juu ya reli upande wa Kibombo, anakanyaga ubao kwa ubao, taratibu, kama muntu anayekwenda kazini, na hakurudi.